Vihisi vya Upepo wa Matairi kwa Gari Kuukuu la Chama

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Balangdalalu)



Gari la chama ni mali ya wanachama wote, na katika daftari za vyama vingi mtu ataona kwamba linatunzwa vema kwa maandishi. Dizeli imeandikwa hadi lita ya mwisho, oili imeandikwa, hata sabuni ya kuoshea gari ina stakabadhi yake. Upepo wa matairi peke yake ndio usio na ukurasa. Kwa sababu hiyo yafaa kueleza kwa urefu jambo lililokipata chama kimoja cha msingi, jina lake likiachwa kando kwa kuwa haliongezi faida yoyote.

Chama hicho kina gari livutalo kwa magurudumu yote manne, lililoundwa mwaka 2015 na kuuzwa kwanza Uingereza, kisha likaingia nchini likiwa mtumba kupitia bandari ya Dar es Salaam. Gari humpeleka mweka hazina benki Katesh, huleta mbegu na dawa za mimea, na usiku, kama ilivyo desturi katika vijiji vya Hanang na Mbulu, hugeuka kuwa gari la wagonjwa. Mama mjamzito akizidiwa safari ni ya hospitali ya Haydom, na mafuta yatahesabiwa kesho yake.

Siku moja ya mwezi Septemba katibu na mweka hazina walikuwa wakitoka benki na fedha za malipo ya dengu. Wakiwa katika lami, tairi la nyuma la kushoto lilipasuka. Gari liliacha barabara, likaingia katika shamba lililokwisha kuvunwa, likasimama kabla ya korongo. Hakuna aliyekufa. Dereva aliteguka bega. Fedha zilihesabiwa papo hapo kando ya barabara, mbele ya mashahidi wawili, zikakutwa kamili.

Uchunguzi uliofuata ulionyesha mambo matatu. Kwanza, katika dashibodi palikuwa na kipande cha utepe mweusi wa umeme, na chini yake taa ndogo ya manjano yenye umbo la tairi lililokatwa na alama ya mshangao katikati. Taa hiyo ilikuwa imewaka kwa muda wa miaka miwili, nayo ilimchosha dereva macho wakati wa usiku. Pili, tairi lililopasuka, ambalo kwa asili halikutengenezwa kutumia mpira wa ndani, lilikuwa limetiwa tyubu. Tatu, ndani ya tairi hilo kilikutwa kipande cha plastiki kigumu, kikubwa kama kiberiti, kikiwa kimevunjika shina. Kipande hicho kilikuwa kikiikwaruza tyubu tangu siku ilipotiwa.

Kipande hicho ndicho kihisi cha upepo. Mafundi wengi wa magari hukiita sensa, na mwanachama mmoja aliposikia neno hilo katika kikao aliuliza kama watu hawakuhesabiwa vya kutosha mwaka 2022. Neno kihisi linaondoa utani huo, nalo litatumika hapa.

Katibu wa chama, akitaka kurekebisha kosa upesi, alileta mbele ya bodi barua ya bei ya vihisi vinne vipya kutoka duka moja la Arusha. Bodi ilikuwa karibu kupitisha. Ndipo mjumbe mmoja, mama mkulima wa mahindi na mbaazi ambaye hajapata kuendesha gari, alipouliza nani atakayevifungua vitu hivyo siku ya pancha. Swali hilo liliahirisha ununuzi kwa majuma mawili, na ndilo lililo moyo wa mazungumzo haya. Mnunuzi wa vihisi kwa kawaida huanza dukani, akilinganisha bei na majina ya watengenezaji. Kwa gari kuukuu la chama cha kijijini, uchaguzi hauna budi kuanzia katika kibanda cha fundi wa pancha.

Kabla ya kufika kwenye kibanda hicho, ni lazima kufahamu kifaa chenyewe. Magari yaonyayo upungufu wa upepo ni ya namna mbili. Namna ya kwanza haina kitu chochote ndani ya tairi. Tairi likipungua upepo huwa fupi kidogo, kwa hiyo huzunguka mara nyingi zaidi kuliko wenzake katika mwendo ule ule. Kompyuta ya gari huhesabu mizunguko hiyo kwa kutumia vifaa vya breki za ABS, ikiona tofauti huwasha taa. Mwenye gari la namna hii hana kihisi cha kununua. Akimaliza kujaza upepo hutakiwa tu kubonyeza kitufe au kufuata maelezo ya kitabu ili kompyuta ianze hesabu upya. Wako watu waliouziwa vihisi kwa gari la namna hii, na fedha hizo hazikurudi.

Namna ya pili ina kihisi ndani ya kila gurudumu, kimeshikamana na mguu wa valvu. Ndani yake mna kipimio kidogo, redio ndogo na betri. Kihisi hupima upepo, hutuma habari kwa redio, na gari huzipokea. Mara nyingi valvu yake ni ya chuma yenye nati inayoonekana kwa nje ya rimu, lakini zipo zenye shina la mpira zinazofanana kabisa na valvu za kawaida. Kwa hiyo kutazama kwa nje hakutoshi. Kitabu cha gari, au mashine ya kusomea gari iliyounganishwa kwa namba ya chasisi, ndiyo itoayo jibu la kuaminika.

Magari mengi ya mtumba yaletwayo nchini hutoka Japani, na sheria ya huko haikuwalazimisha watengenezaji kuweka mfumo huu. Ndiyo maana katika vyama kumi, tisa huenda visiwe na habari nao. Marekani ilitunga sheria yake mwaka 2000, baada ya matairi ya Firestone yapatayo milioni 6.5 kuitwa yarudishwe mwezi Agosti mwaka huo kwa sababu ya vifo vya watu wengi barabarani, na kuanzia Septemba 2007 kila gari dogo jipya la huko lilitakiwa kuwa na mfumo wa kuonya. Nchi za Ulaya zilifuata. Kufikia Novemba 2014 kila gari jipya la abiria lililouzwa huko lilikuwa nao. Gari lolote la abiria lililotoka Uingereza likiwa limeundwa baada ya hapo litakuwa na mfumo mmoja kati ya hiyo miwili.

Taa yenyewe husema mambo mawili tofauti, na madereva wengi hawakuambiwa. Katika magari mengi, taa ikiwaka na kutulia tangu mwanzo, maana yake upepo umepungua. Ikipepesa kwa muda wa dakika moja hivi baada ya gari kuwashwa, kisha ikatulia, maana yake mfumo wenyewe una hitilafu, na mara nyingi hitilafu hiyo ni betri ya kihisi iliyokufa. Dereva wa chama kilichotajwa alikumbuka kwamba taa yake ilikuwa ikipepesa. Iliyokuwa mbovu, basi, ni mashine ya kuonya. Utepe mweusi ulificha habari hiyo, na baada ya hapo tairi lingeweza kupungua hadi kulala chini bila mtu kuonywa.

Betri ya kihisi haibadilishwi. Imefunikwa kwa gundi ngumu pamoja na vyombo vingine ili mtikisiko na unyevu visiiharibu. Kwa kawaida huishi kati ya miaka 5 na 10. Gari la mwaka 2015 lenye vihisi vyake vya asili limekwisha kufikia mwisho wa muda huo, na kihisi kimoja kikifa, vingine vitatu, kwa kuwa ni vya umri mmoja, havitakawia. Kununua kimoja kimoja ni kulipa ufundi wa kufungua tairi mara nne. Hapa katibu aliyeleta bei ya vinne alikuwa sahihi.

Sasa juu ya kulinganisha kihisi na gari. Jambo la kwanza ni masafa ya redio. Vihisi vya Marekani na Japani kwa sehemu kubwa hutuma katika megahezi 315, na vya Ulaya katika megahezi 433. Gari la jina lile lile, la mwaka ule ule na umbo lile lile, likiuzwa Japani laweza kuwa na masafa moja na likiuzwa Uingereza likawa na mengine. Mwuza duka anayeuliza jina la gari na mwaka tu hajauliza vya kutosha. Apewe namba ya chasisi, na ikiwezekana apewe kihisi cha zamani mkononi, kwa maana masafa na namba ya kifaa huandikwa juu ya mwili wake.

Jambo la pili ni lugha ya redio hiyo. Masafa yakilingana bado kila mtengenezaji ana namna yake ya kupanga habari, na gari halielewi namna ya mwingine. Viko vihisi vya mtengenezaji wa gari, vilivyokwisha kupangwa tangu kiwandani. Viko pia vihisi vya kupangwa, ambavyo fundi mwenye mashine huviandikia lugha ya gari linalohusika. Hivi vya pili kwa kawaida ni rahisi kwa bei, na si vibaya. Ubaya wake ni kwamba huuzwa vikiwa vitupu. Mtu wa Balangdalalu akiagiza vinne, vikaja kwa basi katika kasha, akavifunga bila kupangwa, taa itabaki pale pale, na matairi yote manne yatafunguliwa tena. Mnunuzi adai vipangwe dukani na visomwe na mashine mbele ya mtu wa chama kabla fedha haijatoka.

Jambo la tatu ni kulifundisha gari. Kila kihisi kina namba yake, na gari halisikilizi namba lisiyoijua. Yako magari yajifunzayo yenyewe baada ya kuendeshwa kwa muda. Yako yanayotaka vitufe vibonyezwe kwa mpangilio fulani. Yako pia, na haya ndiyo yenye taabu, yanayotaka namba ziandikwe katika kompyuta kwa mashine maalumu. Kwa gari la aina hii ya mwisho kuna njia nzuri isiyojulikana na wengi. Kihisi cha kupangwa chaweza kupewa namba ile ile ya kihisi kilichokufa, na gari likadhani hakuna kilichobadilika. Hata kama kihisi cha zamani hakitumi tena, namba yake iliyochapwa juu ya plastiki yasomeka kwa macho na kuingizwa kwa mkono. Kwa hiyo kihisi cha zamani kisitupwe kabla ya kipya kukubaliwa na gari.

Hayo yote yaweza kufanyika Arusha katika siku moja. Ugumu huanza siku ya pancha ya kwanza baada ya kurudi.

Kibanda cha pancha cha barabarani kina kompresa au pampu ya mguu, karai la maji, vyuma viwili au vitatu vya kufungulia tairi, nyundo, viraka na gundi. Kwa vyombo hivyo fundi hodari hufungua tairi la lori na kulifunga kabla ya chai kupoa, na asidharauliwe. Lakini kihisi kimekaa nyuma ya valvu, karibu kabisa na ukingo wa tairi, mahali ambapo chuma hicho hupita. Chuma kikiingizwa upande wa valvu, au ukingo wa tairi ukisukumwa juu yake, kihisi huvunjika bila kelele. Fundi aliyeambiwa mapema huanza kufungua upande wa pili wa valvu, na huangalia chuma chake kinapokaribia. Asiyeambiwa hana sababu ya kujua.

Tyubu ni tatizo kubwa zaidi. Miiba ya migunga, mawe ya mabonde na rimu zilizopinda kwa mashimo hufanya matairi yasiyo na tyubu kuvuja ukingoni, na dawa ya kienyeji ni kutia tyubu. Tyubu ina valvu yake, nayo hutaka kupita katika tundu lile lile la rimu. Kihisi hakiwezi kubaki. Kitolewe kabisa, au tyubu isitiwe. Kilichotokea kwa chama kilichotajwa ni kwamba shina la kihisi lilivunjwa ili tundu lipatikane, na mwili wake ukaachwa ndani ya tairi. Aliyelifanya hakuwa na nia mbaya. Usiku ulikuwa umeingia, gari lilikuwa na mgonjwa, na yeye alitaka wafike.

Iko pia dawa ya majimaji ya kuziba pancha, ile imiminwayo kupitia valvu. Nyingine huingia katika kitundu kidogo cha kihisi na kukausha humo, na tangu hapo kihisi husema uongo au hunyamaza. Na valvu zenyewe zina adabu yake. Kihisi chenye shina la alumini hutaka sindano ya valvu iliyopakwa nikeli. Ile ya shaba tupu iliyozoeleka vibandani hushikana na alumini kwa kutu, na siku ya kuitoa, shina hukatika. Nati yake hukazwa kwa kipimo cha kitabu, si kwa nguvu za mkono, na mpira wake mdogo wa kuzuia upepo hubadilishwa kila tairi linapofunguliwa.

Baada ya kusikia hayo, bodi ya chama kile ilitambua kwamba gari lao hufunguliwa matairi vijijini mara nyingi zaidi kuliko mjini. Hivyo iliangalia aina ya tatu, ambayo katibu hakuileta mwanzoni: vihisi vya nje, vifungwavyo kwa kuzungushwa juu ya valvu mahali pa kofia, vikiwa na kioo kidogo cha kuwekwa juu ya dashibodi. Mfumo huu hauna uhusiano wowote na kompyuta ya gari. Masafa yake si kitu, kwa kuwa kofia na kioo huja pamoja vikiwa vimekwisha kujuana. Betri zake nyingi ni zile bapa zenye umbo la shilingi, na hubadilishwa na yeyote. Kiwango cha kuonya hupangwa na mwenye gari mwenyewe. Tena fundi wa pancha huiondoa kofia kwa mkono au kwa spana ndogo kabla ya kuanza kazi, akamkabidhi dereva.

Isidhaniwe kuwa aina hii haina kasoro. Ili ipime, kofia hulazimika kuisukuma sindano ya valvu na kuiacha wazi muda wote. Kinachozuia upepo usitoke ni mpira mwembamba ndani ya kofia. Mpira huo ukipasuka, au chembe ya mchanga ikikaa juu yake, mlinzi mwenyewe ndiye anayevujisha upepo. Kila mara kofia inapofungwa, valvu ipanguswe kwanza, na baada ya kufunga ipakwe maji ya sabuni itazamwe kama inatoa povu. Kofia ni nzito kuliko kofia ya kawaida, na gurudumu likizunguka kwa kasi huvuta shina la valvu kwa nje. Shina la mpira lililozeeka hupasuka chini yake. Kwa hiyo asiyekuwa tayari kubadili valvu zote nne kuwa za chuma, au japo za mpira mpya, asinunue kofia hizi. Na kwa kuwa ziko nje, huibwa. Nyingine huja na nati ya kufungia, ambayo humchelewesha mwizi lakini haimzuii.

Hapo bodi iligawanyika. Mjumbe mmoja, aliyewahi kuendesha malori, alisema kwamba mfumo wa asili wa gari ndio uliojaribiwa na mtengenezaji, na kwamba taa ya dashibodi ikiachwa kuwaka siku zote, dereva atazoea kudharau taa zote. Hoja yake ina uzito, na kwa gari lipitalo zaidi katika lami kati ya Singida, Katesh na Babati, lenye karakana ya kuaminika mjini, ndiyo ingefuatwa. Iliandikwa katika muhtasari wa kikao pamoja na jina lake. Wengi walichagua kofia za nje.

Kuna jambo moja la nchi hii ya juu ambalo muuza vihisi wa pwani hatalitaja, kwa kuwa halimhusu. Nyanda za Hanang ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Geji ya mkononi hupima tofauti kati ya upepo wa ndani ya tairi na hewa ya nje. Tairi lililojazwa paundi 32 Dar es Salaam, likifika huku bila kupoteza upepo wala kubadilika joto, geji itasoma zaidi ya 34. Tairi ni lile lile, hewa ya nje ndiyo iliyopungua nguvu. Baadhi ya vihisi, kinyume chake, hupima nguvu yote iliyo ndani ya tairi, kisha hutoa kiasi maalumu kilichowekwa kwa ajili ya usawa wa bahari. Kihisi cha namna hiyo, tairi likijazwa 32 kwa geji hapa Balangdalalu, kitaonyesha kama 29 na nusu. Dereva akiona hivyo huongeza upepo, na kesho yake geji na kihisi hugombana tena. Suluhisho ni kujaza kwa geji moja nzuri ya chama, kuangalia kila kihisi kinasoma nini wakati huo, na kuiandika tofauti hiyo.

Baridi nayo ina sehemu yake. Upepo wa tairi dogo hupungua kadiri ya paundi moja na nusu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoshuka. Asubuhi za Juni na Julai chini ya Mlima Hanang, taa huweza kuwaka saa kumi na mbili, ikazimika saa nne tairi likishapata joto la barabara. Dereva husema imepona. Haikupona. Upepo ulikuwa mdogo tangu jana, na joto limeuficha. Kipimo cha kweli ni cha asubuhi, gari likiwa halijatembea.

Tena taa ya asili haikuwekwa kuwa geji. Kanuni ya Marekani hutaka ionye upepo ukipungua kwa asilimia 25 chini ya kiwango cha mtengenezaji. Gari la paundi 32 basi laweza kufika 24 kabla taa haijawaka, na katika hali hiyo, likiwa na magunia na abiria watano, ukuta wa tairi hukunjwa na kukunjuliwa kila mzunguko, hupata joto, na nyuzi zake huanza kuachana na mpira. Ulaya kiwango ni asilimia 20. Kiwango sahihi cha kila gari kimeandikwa katika karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na mara nyingi kuna cha gari tupu na cha gari lenye mzigo. Karatasi za Japani zina maandishi yasiyosomeka na wengi, lakini tarakimu zake husomeka: 220 za kipimo cha kPa ni paundi 32, na 240 ni kama paundi 35.

Wala hakuna kihisi kinachojua umri wa tairi. Tarakimu nne za mwisho za maandishi yaanzayo na herufi DOT ubavuni ndizo zinazoueleza. 2319, kwa mfano, ni juma la 23 la mwaka 2019. Katika gari la chama kilichotajwa, matairi mawili ya nyuma yalinunuliwa yakiwa yamekwisha kutumika, na tarakimu zake zilipotazamwa baada ya ajali yalikuwa yameizidi miaka 11. Tairi la namna hiyo huweza kupasuka likiwa na upepo kamili na kihisi kikiwa kizima. Fedha iliyokuwa itengwe kwa vihisi vinne vya Arusha isingeligusa jambo hilo hata kidogo.

Hatimaye ununuzi ulifanywa hivi. Barua za bei zilipatikana kwa maduka matatu, zikaambatanishwa na muhtasari. Yalinunuliwa matairi mawili mapya ya nyuma, valvu nne za chuma, kofia nne za kuhisi pamoja na mbili za akiba, geji moja ya mkono ambayo bei yake haikufikia ya kihisi kimoja cha mtengenezaji, na pampu ya umeme wa gari. Mabaki ya vihisi vya asili yalitolewa katika magurudumu yote, namba zake zikanakiliwa, vikafungwa katika bahasha na kuwekwa kasiki, kwa ajili ya siku chama kitakapouza gari na mnunuzi kutaka mfumo urudishwe. Utepe mweusi ulibanduliwa. Katika ukurasa wa kwanza wa daftari la gari iliandikwa kwamba taa ya manjano ya tairi hupepesa na kubaki ikiwaka kwa sababu inayojulikana, na kwamba hakuna taa nyingine ya dashibodi inayoruhusiwa kuwaka bila katibu kuarifiwa siku hiyo hiyo.

Daftari lilipata ukurasa mpya wenye safu sita: tarehe, kilomita, na matairi manne. Dereva hupima kila Jumatatu asubuhi na kabla ya kila safari ya benki. Tairi la akiba, ambalo halina kofia wala halikuwa na kihisi tangu mwanzo, hupimwa kila mwisho wa mwezi. Fundi wa pancha wa kijijini aliitwa ofisini, akaonyeshwa kofia inavyotolewa na sindano ya valvu inavyotazamwa kwa sabuni. Yeye naye aliwaonyesha wajumbe jinsi rimu iliyopinda inavyonyooshwa ukingoni ili tairi lisihitaji tyubu, jambo ambalo hakuna mjumbe aliyekuwa akilijua, na kwa malipo madogo alizinyosha mbili siku hiyo.

Mwezi wa nne baadaye kofia ya gurudumu la mbele la kulia iliibwa gari likiwa limeegeshwa Katesh. Kioo kilionyesha vistari viwili mahali pa tarakimu. Dereva alishuka, akapima kwa geji, akakuta paundi 33, akafunga kofia ya akiba na kuandika tarehe. Mjumbe yule aliyewahi kuendesha malori aliomba hilo nalo liingie katika muhtasari, na liliingizwa.